Jibu Moja la Wanawake wa Mkunya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kutoonekana. Mratibu wa Kanda, mzee mrefu ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi upande mmoja, alinikalisha kwenye kiofisi chetu pale Masasi. Alinipa kalamu mbili za wino mwekundu, mwongozo wa usahihishaji na bunda la karatasi za majibu. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi, nimezoea chaki, kengele na watoto wa kusimama nikiingia. Nikamuuliza wanafunzi wangu wako wapi.

"Hao hapo," akasema, akigonga lile bunda. "Mwalimu wa posta hana sauti, hana uso, hana fimbo. Ana pambizo tu. Usipojua kufundisha kwenye pambizo, rudi kwenye chaki yako."

Pambizo ni ile nafasi nyeupe pembeni ya karatasi. Humo nilikula mkate wangu kwa miaka yote ya utumishi wangu, na humo nilijifunza mengi kuliko chuoni. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi nawasikia vijana wakizungumzia elimu ya masafa kana kwamba ilizaliwa pamoja na simu zao. Wanisamehe. Wasiponisamehe, shauri yao. Sisi tulifundisha watu tusiowaona kabla nguzo ya umeme haijafika kwenye vijiji vyao.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mwanafunzi alipata kijitabu cha somo kilichogawanywa katika hatua fupi fupi. Mwishoni mwa kila hatua palikuwa na maswali ya kujipima, ambayo alijijibu mwenyewe na kulinganisha na majibu ya nyuma ya kitabu. Baada ya hatua kadhaa lilikuja zoezi la kutuma, na hilo ndilo lililofika mezani kwangu kwa bahasha. Nilisahihisha, nikaandika maoni ya mkufunzi, nikarudisha. Mratibu alikuwa na sheria ya mambo matatu kwa kila karatasi: taja kitu kimoja alichopatia, kitu kimoja kilichomponyoka, kisha mwulize swali moja la kumsukuma mbele. Kuandika "vibaya" peke yake ilikuwa marufuku.

"Na usikae na karatasi zaidi ya wiki mbili," aliniambia. "Karatasi ikipoa, na mwanafunzi anapoa. Wa darasani akiacha shule unaona dawati tupu. Wa posta anaacha kimya kimya, na wewe unadhani bado mnasoma."

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Maduka ya Masasi yalianza kujaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau, na mitumba ikamwagwa sokoni kila mnada. Lakini ruksa ilikuja na mdogo wake, jina lake kupunguza wafanyakazi. Ada za shule zikarudi. Waajiri wakaanza kudai vyeti kwa kazi ambazo watu walikuwa wakizifanya vizuri tangu ujana wao. Ndipo bahasha zikaongezeka mezani kwangu: makarani, walinzi, wahudumu wa wodi kutoka hospitali za Mkomaindo na Ndanda, watu wazima wenye wajukuu, wote wanatafuta kidato cha nne.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Newala kuwa mkufunzi wa kituo. Kituo kilikuwa chumba kimoja chenye kabati, benchi nne na redio ya kaseti iliyomeza kaseti zaidi ya ilivyozicheza. Mimi ni mwanamke wa Kimakua, wa Masasi, na wenyeji wa kule juu ya uwanda wa Wamakonde walinicheka kwanza kwa namna nilivyoogopa mlima wa kupandia, na pili kwa namna nilivyooga kwa maji mengi wakati maji ya uwanda ule hupatikana kwa taabu. Baadaye nikajifunza kuoga kwa kopo moja, na kicheko kikapungua.

Huko Newala niligundua ugonjwa wa kwanza wa elimu ya masafa, nao ni ratiba. Makao Makuu ya shirika letu, Dar es Salaam, yalipanga vipindi vya ana kwa ana, yaani zile siku chache ambazo mwanafunzi hukutana na mkufunzi uso kwa uso, katikati kabisa ya msimu wa kuokota korosho. Nilikaa kituoni na benchi zangu nne siku mbili mfululizo. Alikuja mtu mmoja, naye alikuja kuuliza kama nanunua korosho. Nikachukua kalamu, nikahamisha vipindi vyote hadi baada ya mavuno, nikabandika ratiba yangu mlangoni.

Mratibu alipopita kukagua aliisoma mara mbili. "Umebadili ratiba ya Makao Makuu?"

"Nimebadili, Mzee. Korosho hazisomi barua."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Hilo usiniandikie kwenye ripoti," akasema. Mwezi wa vipindi ulipofika benchi zilijaa, wengine wakakaa chini.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana mimi si malaika. Siku moja ilifika bahasha nene kutoka kijiji cha Mkunya. Ndani yake zoezi la biolojia la wanawake kumi na wawili waliojiandikisha kwa pamoja. Swali lilitaka mwanafunzi aeleze jinsi kuvu inavyoenea, na mwongozo wangu ulitarajia ukungu wa mkate, kwa sababu kijitabu kilitungwa na watu wa mkate. Wanawake wale wote kumi na wawili walikuwa wameandika sentensi moja, neno kwa neno: "Kuvu haijui mpaka wa shamba, ukipuliza salfa kwako na jirani yako asipopuliza, umefanya kazi ya bure."

Kwa asiyelima korosho nieleze: mikorosho ikianza kutoa maua hushikwa na ubwiriunga, unga mweupe unaokausha maua, na dawa yake ni kupuliza salfa alfajiri. Kwa hiyo jibu halikuwa baya. Lakini mimi sikuliona jibu, niliona wizi. Hasira ikanipanda. Nikawapa sifuri wote, na kwenye kila pambizo nikaandika neno moja: "Umenakili." Sheria ya mambo matatu niliitupa dirishani. Nikapeleka alama zao na nakala chache Makao Makuu kwa uhakiki, kama ilivyokuwa desturi, nikalala usingizi wa mwenye haki.

Wiki haikuisha, mlangoni pakapigwa hodi. Aliingia mama mnene wa makamo, ameshika karatasi yake iliyokunjwa vizuri ndani ya pindo la kanga. Alikuwa Mama Somoe, mhudumu wa zahanati, mtu ambaye nusu ya watoto wa upande ule walipitia mikononi mwake. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia hii. Umeandika nimenakili. Nimenakili kwa nani?"

"Kwa wenzako, Mama Somoe. Sentensi ni ile ile kwa watu kumi na wawili."

"Na wao wamenakili kwa nani?"

"Kwako, au mmoja wenu. Sijui."

"Kitabuni ipo?"

Nikafungua kijitabu. Nilijua haipo, lakini nikafungua ili kupata muda. Haikuwepo. Haikuwepo hata kwenye mwongozo wangu.

"Basi ni ya kwetu," akasema. "Mtu haibi chakula alichopika. Jumamosi tunalima kwa Mama Hawa. Njoo uone. Na uje na jembe, maana kule hatuna viti vya wageni."

Nikaenda. Nilikuta wanalima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, kama wanavyofanya tangu enzi za bibi zao. Jipya lilikuwa hili: anayesoma vizuri alisimama mwisho wa matuta na kijitabu, akasoma aya moja kwa sauti. Wengine wakaendelea kulima wakisikiliza. Kila aliyemaliza tuta lake alitakiwa kuirudia aya ile kwa maneno yake, kwa Kimakonde, na mwenzake akaitia kwenye Kiswahili. Ikibishaniwa, kazi husimama. Siku ile majembe yalisimama mara tatu, na mara ya tatu walibishana kuhusu chembechembe za damu kwa ukali ambao sijauona kwenye semina yoyote ya walimu. Wakikubaliana, sentensi ile ilisemwa na kila mmoja mpaka ikakaa kichwani. Na mwenye shamba la siku hiyo ndiye aliyeulizwa maswali mengi zaidi kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifaidi jasho la wenzake. Asiyejua aya hana haki ya kulimiwa.

Mchana tulikula ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha, mikono yangu imetoka malengelenge. Niliona haya. Chuoni tulifundishwa kwa miezi kwamba mwanafunzi mtu mzima hujifunza kutokana na maisha yake, hujifunza kwa kumweleza mwingine, hujifunza kwa kurudia baada ya muda. Nilijibu mtihani wa hayo nikafaulu. Halafu nilipoyaona yamefika mezani kwangu kwa bahasha, niliyapa sifuri. Jumatatu nikasahihisha upya karatasi zote kumi na mbili, kila moja na mambo yake matatu, nikapeleka alama mpya.

Nilichelewa. Jibu lilikwisha kuondoka Dar es Salaam. Mkuu wa Taaluma, ofisa aliyesimamia masomo na mitihani yote ya shirika, alikuwa ameandika kwamba kundi la Mkunya limefanya udanganyifu, lifutwe lote, na mkufunzi wa kituo asaini orodha iliyoambatanishwa. Kwa wengine hilo lilikuwa aibu na kuchelewa. Kwa Mama Somoe lilikuwa kazi yake. Muundo mpya wa utumishi ulitaka kila mhudumu wa zahanati awe na cheti cha kidato cha nne au walau athibitishe kwamba ameandikishwa kwa mtihani wa mwaka ule, la sivyo apunguzwe. Na bila shirika letu kuthibitisha kwamba amemaliza mazoezi, asingeandikishwa. Mumewe alikwishafariki. Watoto wanne walikula kwa ile zahanati.

Sikusaini. Niliandika barua kueleza kosa langu na namna wanawake wale wanavyosoma. Sikujibiwa. Ikaja orodha ya pili, sikusaini. Ilipokuja ya tatu, ilikuja na mwenyewe.

Mkuu wa Taaluma alikuwa bwana nadhifu, viatu vyake havikuonewa huruma na mchanga wa Newala. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kanuni kama wengine wanavyoamini dawa. Akakaa kwenye benchi langu.

"Mwalimu, wewe umeajiriwa kufundisha au kutetea washtakiwa?"

"Kufundisha, Mheshimiwa. Ndiyo maana sisaini."

"Nyakati zimebadilika. Sasa ni soko huria, kila mtu anashindana kwa nguvu zake. Cheti ni cha mtu mmoja, hakiandikwi majina kumi na mawili."

"Cheti ni cha mtu mmoja. Kusoma si kwa mtu mmoja. Hata ubwiriunga unajua hivyo."

Hakucheka. Nikamwambia, basi wapime. Leta swali ambalo mimi sijaliona, wao hawajaliona, waweke mbalimbali, kila mmoja peke yake. Wakishindwa, nitasaini orodha yako na barua yangu ya kuacha kazi nitaiweka juu yake. Ilinitoka tu. Nilikuwa na watoto wa kulisha mimi pia, na njiani kuelekea Mkunya, ndani ya gari lake, nilikuwa nikihesabu ada zao.

Wanawake walikalishwa shambani, kila mmoja chini ya mkorosho wake, hakuna aliyeweza kusikia pumzi ya mwenzake. Mkuu wa Taaluma aliandika swali kwenye kibao kidogo na kukizungusha kwa kila mmoja: mtoto anaharisha siku ya pili, eleza kinachotokea mwilini mwake na utakachofanya. Saa moja na nusu. Kalamu zikaanza kutembea, isipokuwa moja. Mama Somoe, ambaye jambo lile alilifanya kila wiki kwa mikono yake, alikuwa ameganda. Karatasi yake ilikuwa nyeupe. Nusu saa ikapita, bado nyeupe. Nilimwona anafuta jasho kwa kanga, anaandika jina, anatazama mbali. Mkuu wa Taaluma alinitupia jicho.

Kisha akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, naomba jembe."

"Jembe la nini?"

"La kufikiria."

Bwana yule alifungua mkoba wake. Akapekua kijitabu chake cha kanuni za mitihani, kweli kabisa, nilimwona kwa macho yangu akitafuta mahali palipokataza jembe. Hakupapata. Mama Somoe akapewa jembe. Akalima tuta moja, polepole, kutoka shina hadi shina, midomo ikicheza bila sauti. Akarudi, akapangusa mikono, akakaa, na hakuinua kichwa tena mpaka muda ulipokwisha.

Mkuu wa Taaluma alizisoma karatasi zote pale pale, amekaa kwenye ngazi ya gari. Hakuna mbili zilizofanana. Mmoja aliandika kama mkunga, mwingine kama mama aliyepoteza mtoto, na huyo nilimwona bwana anasoma ukurasa wake mara mbili. Wote walivuka alama ya kufaulu, wawili kwa kuponea chupuchupu. Mama Somoe aliandika kurasa tatu, na ndani yake mlikuwa na kipimo cha maji, chumvi na sukari kilichokuwa sahihi kuliko cha kijitabu chetu.

Nilidhani tumeshinda. Tuliporudi kituoni akavua koti, akasema, "Nitawathibitisha wote. Lakini nimekwisha kuandika kwamba kanuni ilivunjwa, na faili halifungwi bila mkosaji." Akanisukumia karatasi. Ilisema kwamba mimi, mkufunzi wa kituo, nilikosa kwa kuruhusu wanafunzi kusoma kwa pamoja kinyume cha utaratibu. Nikisaini, majina kumi na mawili yanaondoka na gari lile jioni ile. Nisiposaini, shauri linapelekwa kwenye kamati, na kamati ingekaa baada ya dirisha la kuandikisha watahiniwa kufungwa.

Nikasaini. Kalamu ilikata karatasi kwa namna nilivyoikandamiza.

Wakati huo Mratibu wetu alikuwa anakaribia kustaafu na alikuwa amenipendekeza nichukue nafasi yake. Alipopata habari alipanda mpaka Newala. "Kiti kile nilikuwa nakufutia vumbi wewe," akasema.

"Basi atakaa mwingine, Mzee, atakikuta kisafi."

Alikaa mwingine kweli, na baada yake mwingine. Mimi nilibaki mkufunzi wa kituo mpaka siku ya kustaafu, na kila jina langu lilipopelekwa mbele, ile karatasi ilitangulia. Iliniuma. Sitasema haikuniuma. Mama Somoe alibaki kazini kwa sababu alikuwa ameandikishwa. Mwaka wa kwanza alifaulu masomo machache, mwaka wa pili akaongeza, mwisho akapata cheti chake na kwenda kusomea uuguzi akiwa mtu mzima kuliko walimu wake.

Kaseti zikaondoka, kompyuta ikaja, nami nikajifunza kuiwasha na kuifokea. Niliposhika elimu ya mtandaoni nilikuta ni bahasha ile ile iliyopata miguu ya haraka. Pambizo lipo, wanaliita kisanduku cha maoni. Kupoa kwa mwanafunzi kupo, na hutokea kimya kimya vile vile, tena siku hizi hakusubiri wiki mbili.

Nimestaafu sasa, nakaa Mkomaindo. Hivi karibuni alinijia kijana mmoja, mwezeshaji wa kozi ya mtandaoni kwa walimu wa vijijini. Mpole, ana adabu, shikamoo yake ya kuinama. Akanionyesha kwenye simu: programu ya kunasa wizi wa majibu imewatia alama walimu wanane wa tarafa moja kule uwandani, sentensi zao zinafanana, na mkuu wake anataka wafutwe kabla ya mwisho wa mwezi.

"Mama, wewe ungefanyaje?"

"Umewauliza?"

"Mfumo hauna sehemu ya kuuliza."

"Wewe je, huna?"

Akaizima simu. Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa. Akaniuliza kama yale ya Mkunya yameandikwa popote, ili ampelekee mkuu wake. Ndipo nikakumbuka kwamba yameandikwa mahali pamoja tu, kwenye faili langu, na yameandikwa kinyume. Huko nipo nimekiri, kwa mkono wangu, kwamba nilikosa kwa kuwaacha watu wasome pamoja. Na anayetaka kuwafuta wale wanane anaweza kunitaja mimi kuwa shahidi wake.

Kwa hiyo nimeandika. Nilipokuwa na mwajiri nilinyamaza, kwa ajili ya majina kumi na mawili. Leo sina mwajiri, na majina yale hakuna awezaye kuyafuta tena. Atakayelifungua faili hilo, aiweke karatasi hii juu ya ile ya kwanza: saini ni yangu, maneno hayakuwa yangu, na sikukosa.